Nimefundisha wanawake 43 kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, waliokwenda kupima ni 4. Tunakosea wapi?

#1 Mama Tumaini
Habari zenu wadau. Mimi ni mwelimishaji wa kujitolea, kazi hii naifanya mwaka wa sita sasa. Mwezi uliopita niliendesha vikao viwili, jumla wanawake 43. Nikaeleza kila kitu: kwamba chanzo ni kirusi kinachoitwa HPV, kwamba ugonjwa unakwenda polepole, kwa mwenye kinga nzuri ni miaka 15 hadi 20 tangu kuambukizwa mpaka saratani kujitokeza, na kwa mwenye kinga iliyodhoofika ni miaka 5 hadi 10. Katikati ya miaka yote hiyo kuna nafasi ya kuyaona mabadiliko na kuyaondoa kabla hayajawa saratani.

Waliitikia. Waliuliza maswali. Mmoja alilia, maana dada yake alikufa kwa ugonjwa huu huu. Wakaandika majina wenyewe kwamba watakwenda. Nimefuatilia wiki hii: wanne tu ndio wamekwenda. Kituo hakiko mbali.

Mwaka 2022 peke yake, duniani waligundulika wanawake wapatao 660,000 na wakafa wapatao 350,000, wengi mno kutoka nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Na huu ni ugonjwa ambao chanzo chake kinajulikana na dawa ya kuuzuia ipo! Naomba mnieleze, tunakosea wapi?

#2 Kichwa Ngumu
Woga tu. Mtu hataki kuambiwa ana saratani, anaona bora asijue. Uzi umeisha.

#3 Binti Kimya
Kichwa Ngumu, haujaisha. Mimi nimehudhuria mafunzo ya namna hii mara mbili na sijapima mpaka leo, nina miaka 34. Siogopi jibu. Naogopa kile chumba. Kila mwalimu aliyekuja alisema "kipimo ni rahisi, hakiumi", halafu anahamia mada nyingine haraka haraka. Hakuna aliyewahi kusema nikiingia mle ndani nitavua nini, nitalalaje, nani atakuwepo, na hicho "chuma" wanachokisema wenzangu kina ukubwa gani. Mimi najua HPV ni nini. Sijui nitafanywa nini.

#4 Nesi Mstaafu
Binti Kimya, shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Swali lako ni la haki, na ni aibu yetu sisi wa kazi hiyo kwamba hukujibiwa. Nakueleza kama nilivyokuwa nawaeleza wanangu.

Unavua nguo za chini tu, za juu unabaki nazo. Unafunikwa shuka kuanzia kiunoni. Unalala chali, magoti juu, yameachana. Hicho chuma kinaitwa spekulamu, kina umbo la mdomo wa bata, na siku hizi vingi ni vya plastiki. Kinaingizwa kikiwa kimefungwa, taratibu, kisha kinafunguliwa kidogo ili mlango wa kizazi uonekane. Utasikia ubaridi na kubanwa. Ukikaza mapaja utasikia zaidi, kwa hiyo nilikuwa nawaambia watoe pumzi ndefu kama mtu anayepuliza moto.

Kama ni kipimo cha kuangalia kwa macho, anachukua pamba iliyochovywa kwenye maji yenye asidi ya asetiki, asilimia 3 hadi 5, ndiyo ile ile inayoipa siki ukali. Anaigusisha, anasubiri dakika moja, anamulika taa. Sehemu yenye chembe zilizobadilika inageuka nyeupe. Isiyobadilika inabaki rangi yake ya waridi. Jibu unapewa kabla hujashuka kitandani. Na shika hili: weupe SIYO saratani. Unaweza kuwa ni mabadiliko ya awali, yanatibiwa pengine siku hiyo hiyo, kwa kuchoma kwa joto au kwa kugandisha. Kule kuchoma, kila mguso ni chini ya dakika moja.

Una haki ya kuomba muuguzi mwanamke. Una haki ya kusema "subiri" wakati wowote.

#5 Binti Kimya
Shikamoo Nesi. Asante. Nimesoma mara tatu.

#6 Mume wa Mtu
Niulize kama mwanaume, msinicheke. Mke wangu akipima akaambiwa ana HPV, kwangu mimi hiyo ina maana gani?

#7 Kichwa Ngumu
Maana yake mmoja wenu katoka nje ya ndoa. Kinaambukizwa kwa kujamiiana, si wamesema?

#8 Maabara Usiku
Kichwa Ngumu, hilo bandiko lako la #7 ndilo linalovunja nyumba za watu. Naomba ulisome hili polepole.

HPV ina aina zaidi ya 200. Zenye hatari ya saratani hazizidi 14 hivi, na mbili kati yake, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Watu wengi mno waliowahi kujamiiana hukipata kirusi hiki wakati fulani wa maisha, hata aliyekuwa na mwenza mmoja tu. Kwa walio wengi mwili unakiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, bila mtu kujua kilikuja. Kwa wachache kinabaki, na hao ndio tunaowatafuta. Kinaweza pia kulala kimya miaka mingi ndipo kipimo kikione. Hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema kiliingia lini wala kililetwa na nani.

Kwa hiyo Mume wa Mtu, maana yake kwako ni moja tu: mkeo afuatiliwe. Kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha kirusi hiki. Kondomu inapunguza hatari bila kuimaliza, maana kirusi kinapita kwa kugusana ngozi hata pale isipofunika. Na kama unavuta sigara, acha, ni kwa faida yako. Na kama ni yeye anayevuta, mwambie aache, maana sigara inaupunguzia mwili wa mwanamke uwezo wa kukiondoa.

#9 Mume wa Mtu
Nimeelewa mkuu. Ubarikiwe.

#10 Kichwa Ngumu
Sawa, hapo nimekosea. Narudisha maneno yangu.

#11 Mama Tumaini
Maabara Usiku, umenikumbusha kitu. Katika kikao cha pili nilipotamka tu "huambukizwa kwa njia ya kujamiiana", chumba kizima kilinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa ananikodolea macho muda wote akaanza kukunja ukingo wa gauni lake. Nikaendelea kufundisha. Leo naona pale pale ndipo nilipowapoteza. Mwanamke atakayeonekana anakwenda kupima ataulizwa nyumbani: unapima kwa nini, umefanya nini?

#12 Mjukuu wa Bibi
Na mimi niongeze sababu ambayo hamjaitaja: jina. "Saratani ya mlango wa kizazi". Mwanamke anasikia neno moja tu hapo, kizazi. Mama yangu mdogo alikataa kabisa kupima akasema "sitaki mtu achokoe kizazi changu, bado natafuta mtoto". Nilichukua wiki mbili kumweleza kwamba kipimo hakifiki ndani ya mfuko wa uzazi.

#13 Fundi wa Maneno
Wengine wanasema shingo ya kizazi. Mimi napenda hilo zaidi, maana ukichora, kweli ni shingo, ile sehemu nyembamba ya chini inayochomoza ukeni. Mlango unafanya watu wafikirie kufungwa na kufunguliwa.

#14 Mjukuu wa Bibi
Fundi, shingo inafanya watu wafikirie koo! Nimemsikia mtu kwa masikio yangu akiuliza kama ataambiwa afungue mdomo.

#15 Fundi wa Maneno
Basi tuchore. Tusiseme neno lolote bila mchoro. Mfuko kama peari iliyopinduliwa, shingo chini, na mshale mmoja: "hapa tu ndipo panapoguswa".

#16 Nesi Mstaafu
Mchoro mimi nilikuwa natumia ngumi. Kunja ngumi, iangalie kwa upande wa kidole gumba: ngumi ndiyo mlango wa kizazi, na lile tundu dogo katikati ndipo damu ya hedhi inapotokea. Mabadiliko mengi yanaanzia kuzunguka hilo tundu. Mama akiiona ngumi yake mwenyewe anaelewa kwamba hatuingii ndani.

#17 Dada wa Kwanza
Nimesoma toka juu. Mimi sina nadharia, nina mama.

Alikuwa amekoma hedhi miaka mingi. Nilichokigundua kwanza ni kwamba alianza kufua nguo zake za ndani mwenyewe, usiku, na kuzianika chumbani nyuma ya mlango. Zamani zilikuwa zinafuliwa pamoja na za kila mtu. Nikadhani ni uzee, watu wanabadilika. Baadaye nikaona anajifunika kiunoni hata wakati wa joto, na anakaa mbali na watu kwa sababu ya harufu. Alikuwa anatoka damu kwa miezi saba. Alipokuja kuniambia alisema, "mwanangu, zimenirudia siku zangu." Alikuwa anaona fahari kidogo. Alifikiri ni ujana umerudi.

Tulipofika hospitali ilikuwa imeshatoka nje ya mlango wa kizazi, na mguu mmoja ulikuwa umevimba. Aliishi miezi kumi na moja.

Mama yangu hakuogopa kipimo, wala hakuwa na mume wa kumuuliza maswali. Hakujua tu kwamba damu baada ya kukoma hedhi si ya kawaida, hata tone moja. Hakuna aliyemfundisha kwa sababu mafunzo yote yalikuwa ya wanawake wanaonyonyesha na wanaozaa. Aliyemaliza kuzaa alionekana amemaliza na magonjwa ya uzazi.

#18 Binti Kimya
Pole sana dada.

#19 Mama Tumaini
Pole Dada wa Kwanza. Katika wale 43 wangu, waliozidi miaka 50 walikuwa wawili. Sikuwaita.

#20 Hoja Nyingine
Poleni. Ila niwapinge wote kwa heshima. Mnatafuta kosa ndani ya kichwa cha mwanamke: anaogopa, anaona aibu, hajui neno. Mimi nilikwenda. Sikuogopa chochote. Mara ya kwanza nikaambiwa mhusika yuko semina. Mara ya pili nikakaa toka asubuhi mpaka mchana nikaambiwa dawa ya kipimo imekwisha. Mara ya tatu nikapimwa kile kipimo cha Pap, sampuli ikapelekwa kwingine, nikaambiwa majibu wiki tatu. Nilifuatilia miezi minne. Hayakuonekana. Sitaji ni wapi, lakini mniambie, mwanamke wa namna yangu anahitaji elimu gani tena? Na nikirudi kwenye kikundi nikasimulia haya, mafunzo yote ya Mama Tumaini yanafutika kwa dakika moja.

#21 Maabara Usiku
Hoja Nyingine, hapo huna mpinzani, na ndiyo maana mambo yanabadilika. Kipimo cha Pap ni kizuri, kimepewa jina la daktari George Papanicolaou, na nchi zilizokifanya kwa mpangilio zilipunguza vifo sana. Lakini kinadai mnyororo mrefu: anayechukua chembe, anayezipaka kwenye kioo, mtaalamu wa kuzisoma kwa hadubini, na mtu wa kurudisha jibu. Pete moja ikikatika, mama anapotea.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendelea kipimo cha kutafuta chembe za urithi za HPV chenyewe. Faida yake nyingine ni kwamba mwanamke anaweza kuchukua sampuli MWENYEWE, kwa kijiti laini chenye pamba. Hakuna kulala kitandani, hakuna spekulamu. Ni wale tu watakaokutwa na kirusi ndio wanaoendelea na uchunguzi. Na ukikutwa huna, unarudi baada ya miaka 5 hadi 10. Kile cha siki na cha Pap ni kila miaka 3.

#22 Kichwa Ngumu
Kumbe si kila mwaka? Mimi nilimwambia dada yangu kila mwaka.

#23 Maabara Usiku
Leo umesoma kabla ya kuandika, hongera! Kwa mwanamke kwa kawaida wanaanza akiwa na miaka 30. Anayeishi na VVU anaanza 25, na kwa kipimo cha HPV anarudi kila miaka 3 hadi 5, kwa sababu hatari yake ni kama mara sita ya mwenzake. Ila damu isiyo ya kawaida haisubiri ratiba. Damu baada ya tendo, damu katikati ya mwezi, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu usioisha: nenda siku hiyo.

#24 Nesi Mstaafu
Na niseme kwa ajili ya mama wa Dada wa Kwanza: aliyekoma hedhi, kile cha siki mara nyingi hakimfai, maana eneo linalobadilika linakuwa limerudi ndani, macho hayalifikii. Aombe kipimo kingine. Nimewaona wengi walioambiwa "uko salama" kwa kipimo kisichowafaa.

#25 Mama wa Mapacha
Nimechelewa. Mimi wangu wana miaka 11, wasichana wawili, shuleni wameletewa fomu ya chanjo. Nimekaa nayo siku nne sijaweka sahihi. Nimeambiwa ni sindano tatu, na kwamba inafunga uzazi. Kama wanataka kuzuia saratani, kwa nini wanachanja watoto ambao hata hawajajua mambo hayo?

#26 Nesi Mstaafu
Mama wa Mapacha, wanachanjwa hapo KWA SABABU hawajajua mambo hayo. Chanjo inazuia kirusi kisiingie, haikiondoi kilichokwisha kuingia. Ndiyo maana umri unaolengwa ni miaka 9 hadi 14.

#27 Maabara Usiku
Naongezea. Sindano tatu ilikuwa zamani, baadaye zikawa mbili. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linasema kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 hata moja inatosha. Mwenye kinga dhaifu, akiwemo anayeishi na VVU, ndiye anayehitaji angalau mbili, na tatu ikiwezekana.

Kufunga uzazi: ndani ya chanjo hakuna kirusi hai. Kuna ganda tupu la protini lililoundwa lifanane na kirusi, ili mwili uijue sura yake. Inatumika tangu 2006. Uingereza walipowafuatilia wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13, saratani hii ilikuwa imepungua kwao kwa asilimia 87, matokeo yakatolewa 2021. Rwanda ilianza chanjo hii kitaifa 2011, na wale wasichana wa mwanzo leo ni watu wazima.

Wakichanjwa wasiache kupima wakifika umri. Chanjo haigusi kila aina ya kirusi.

#28 Mama wa Mapacha
Asanteni. Bado nataka kuongea na baba yao, lakini fomu nimeitoa kwenye droo.

#29 Mjukuu wa Bibi
Shangazi yangu anasema hii saratani ni ya ukoo, kwao hawana, kwa hiyo hapimi wala hachanji watoto. Ni kweli?

#30 Nesi Mstaafu
Anachanganya na saratani ya matiti, ambayo urithi una nafasi yake. Hii zaidi ya asilimia 95 ni HPV. Profesa Harald zur Hausen, aliyeunganisha kirusi hiki na saratani hii, alipewa tuzo ya Nobel 2008. Na mwambie aache kujisafisha ndani kwa sabuni na vitu vya kunukia akidhani ndiyo kinga. Havizuii kitu, vinachubua.

#31 Hoja Nyingine
Nimefurahi kujifunza, lakini narudi kwenye hoja yangu. Mwaka 2020 dunia ilikubaliana kwamba ifikapo 2030 wasichana asilimia 90 wawe wamechanjwa, wanawake asilimia 70 wawe wamepimwa, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Elimu haipo hata mara moja katika hizo tarakimu. Kuna sindano, kipimo na matibabu. Vikiwepo mahali pamoja, siku moja, wanawake watajaa.

#32 Dada wa Kwanza
Hoja Nyingine, vyote vilikuwepo nilipompeleka mama. Vilikuwepo siku zote.

#33 Binti Kimya
Habari za jioni. Leo nilikwenda.

Nilimwambia muuguzi mlangoni, "mimi naogopa chuma". Akakitoa kwenye pakiti akanipa nikishike. Kilikuwa cha plastiki, chepesi kuliko nilivyodhani. Nilitoa pumzi kama Nesi alivyosema. Kuna wakati nilikaza, akasimama, akasubiri mpaka nikamwambia endelea. Ile dakika ya siki inawasha kidogo na inakuwa ndefu kuliko dakika nyingine. Dari lina alama ya maji yenye umbo la jani. Sina weupe. Nirudi baada ya miaka mitatu.

Wakati navaa viatu akaniuliza nani kanileta. Nikasema nimekuja mwenyewe. Akasema wengi wanaokuja wanakuja wawili wawili.

#34 Nesi Mstaafu
Mwanangu, umenifurahisha mno.

#35 Mama Tumaini
Hongera sana! Hilo la wawili wawili limenishtua. Nimerudi kwenye daftari langu sasa hivi. Wale wanne wangu, wawili ni majirani na wawili ni mtu na wifi yake. Katika 43 hakuna hata mmoja aliyekwenda peke yake.

#36 Hoja Nyingine
Wanne ni wachache, Mama Tumaini, usijenge nyumba juu yake. Na Binti Kimya alikwenda peke yake, tena akakuta kifaa kipo na mhudumu mwenye subira. Toa hivyo viwili uone.

#37 Mjukuu wa Bibi
Mimi bado nasema ni jina.

#38 Mama Tumaini
Jumamosi nina kikao kingine, wanawake 20 hivi. Safari hii naenda na spekulamu ya plastiki wakishike, nawaita waliokoma hedhi, na fomu ya kuandika majina naigawa mistari ya watu wawili. Hoja Nyingine, kituoni nitapiga simu kabla, niulize kama vifaa vipo siku hiyo.

#39 Mume wa Mtu
Mke wangu amekubali tutakwenda wote. Nesi, mimi naruhusiwa kuingia naye ndani, au nibaki benchi?

#40 Nesi Mstaafu
Muulize yeye, baba. Akisema uingie, kaa upande wa kichwa chake, umshike mkono.